Hori Lililolambwa Miaka Kumi na Mmoja

Saa mbili asubuhi, siku tatu kabla ya Krismasi, Mama Hori ameingiza mkono wote ndani ya hori jipya la mteja na kufumba macho. Anapapasa mbao kwa ngozi ya ndani ya mkono, ile laini, kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

"Hapa panachoma," anasema, kisha anaokota msasa.

Ndivyo anavyopima kila chombo cha kulishia ng'ombe kinachotoka kwenye karakana yake. "Ng'ombe akichomwa ulimi hana wa kumwambia. Anaacha kula tu, nawe unahangaika kumwita daktari."

Miaka kumi na minane iliyopita marehemu mumewe alimwachia randa moja, misumeno miwili na watoto watatu. Kwa kawaida huuza mahori matatu kwa mwezi. Mwezi ukigoma, anachonga vigoda.

Mwezi huu kanisa lilimwagiza hori la mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu: jipya, lenye vanishi ya kung'aa. Jana, alipotoka kununua misumari, mwenye mkokoteni aliyetumwa na kanisa alifika akachukua lililokuwa mlangoni. Kumbe hilo ni la shemeji yake mfugaji, lililoletwa kubadilishwa mguu, na kazi ilikuwa imekwisha. Naye shemeji alipokuja akabeba lililobaki.

Huyo hapa anaingia, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Shemeji, nilidhani umenipendelea! Ng'ombe kalinusa, kapiga chafya, kanipa mgongo. Tangu jana anakula chini."

Kabla Mama Hori hajajibu, anaingia mwenyekiti wa kamati ya Krismasi. Huyu hacheki.

"Mama, umetuletea nini? Kingo zimetafunwa, na linanuka zizi! Mchezo ni kesho kutwa. Nataka letu."

"Yametokea makosa, dada yangu. Utalipata leo hii. Ila nikuulize, usiku ule nyumba ya wageni ilipojaa, Yusufu alimwagiza fundi hori la vanishi?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii. Mtoto Yesu alilazwa ndani ya hori la wanyama."

Mwenyekiti anakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Anatazama maranda sakafuni. Sauti inashuka.

"Atakayelazwa humo ni mjukuu wangu. Wa binti yangu, yule asiye na mume. Watu wameshasema ya kutosha. Nilitaka siku hiyo moja alale mahali pa kung'aa, wakose neno."

Shemeji anavua kofia. Mama Hori anaweka msasa chini.

"Kifungua mimba wangu alilala kwenye hori, hapo ulipokaa. Hatukuwa na kitanda. Jirani mmoja alicheka, mume wangu akamwambia, 'Cheka, lakini usimwamshe.'" Anatabasamu. "Leo ni mkunga. Kila jioni ananipigia simu kuniuliza kama nimekula."

Kisha wote watatu wanakwenda kanisani, hatua mia mbili kutoka karakana. Hori la zamani limefichwa nyuma ya mlango, limefunikwa shuka. Mama Hori analifunua.

"Kunja mkono wa gauni. Ingiza mkono, kama mimi."

Mwenyekiti anasita, kisha anaingiza. Anapapasa huku na huku. Uso unabadilika.

"Mbona laini hivi?"

"Miaka kumi na mmoja ng'ombe analilamba," shemeji anasema kwa majivuno, utadhani kalilamba mwenyewe. "Msasa wa shemeji haufiki hapo hata akeshe."

"Mungu hakungoja watu wamalize kusema ndipo azaliwe," Mama Hori anasema. "Mlete mtoto, dada. Humu hatachomwa."

Mwenyekiti hajatoa mkono. Anafuta macho kwa ule mwingine.

"Basi libaki," anasema hatimaye. "Lakini lisuguliwe kwa maji moto."

"Na ng'ombe wangu?" shemeji anauliza.

"Nitalikwangua vanishi lile jipya, awe nalo kabla ya jioni."

"Haya. Ila mwambieni mtoto kaazimwa tu. Mwenyewe, ng'ombe wangu, atalitaka."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii, mwenyekiti anacheka.

Mama Hori anasema mwakani angependa kununua randa ya umeme, mikono imeanza kuchoka. Lakini hilo linaweza kungoja. Kwa sasa ana ombi moja kwa kamati: wasiweke nyasi horini kabla hajafika.

"Nitazichagua mwenyewe, mojamoja. Na yule binti akae mbele, karibu na mwanawe. Nitakaa naye."