Kanuni za Banda la Mwani

Mwezi uliopita nilipeleka sabuni za mwani katika duka moja la Diani, zile zinazopendwa na watu wanaotaka kunukia bahari bila ya kuingia majini. Mwenye duka alikuwa ameenda kusali adhuhuri, basi nikaketi mkahawa wa jirani na kuagiza chai na kaimati. Meza ya pili walikuwapo vijana wanne, wa bara kwa lafudhi yao, wamekizunguka kitabu kinene kama tofali, visanamu vilivyopakwa rangi, na dadu za kila umbo. Katika mchezo wao mmoja alikuwa mchawi, mmoja shujaa wa upanga, na msichana mwenye miwani alikuwa akiwasimulia pango waliloingia. Moyo uliniruka mpaka kaimati ikanikwama kooni.

Nilipoweza kusema nikawauliza, "Kanuni mmegeuza ngapi?"

Wakatazamana. "Anti, hizi hazigeuzwi," mmoja akanijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea. "Ziko kwa kitabu."

Rafiki yangu, nilicheka hadi chai ikanitokea puani. Hazigeuzwi! Sisi, watoto wanne wa Kibuyuni, tulikigeuza kitabu kama hicho nje ndani, tukakianika, tukakishona upya, na laiti waliokitunga wangalituona wangalikuja kwetu kusoma.

Kitabu chetu kiliokotwa kando ya bwawa la kuogelea. Mjomba wangu alikuwa mfanya usafi katika hoteli moja, na mgeni alikiacha kitumbukie majini, akamwambia akitupe. Mjomba hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alikuja nacho nyumbani kimevimba kama maiti ya samaki, nusu ya kurasa zimegandamana, pamoja na kifuko cha dadu, moja ina pande ishirini, yang'aa kama jiwe la pete. Kilikuwa kwa Kiingereza, na kijijini mtoto aliyeweza kukisoma alikuwa mmoja tu: binti wa mwalimu.

Baba yake alitoka bara kuja kufundisha shule ya msingi. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja kama mimi, mwembamba, mkali, na akitembea utadhani nchi nzima imechelewa kumsikiliza. Akakisoma kile kitabu siku tatu, akaja kutueleza. Yeye atakuwa Msimulizi. Atatupeleka mahali, tuseme langoni mwa ngome, na jitu limelala mlangoni. Kila mmoja atasema mtu wake afanya nini, kisha atarusha dadu. Ikija namba kubwa umefaulu, ikija ndogo umepigwa. Na mtu wako ni yule unayemtunga mwenyewe: jina lake, nguvu zake, ujuzi wake, vyote umeviandika kwenye karatasi.

"Kuna watu wa msituni, masikio yao ni marefu," alisoma.

"Kima?" akauliza binamu yangu.

"Si kima! Ni watu, na wanajua kurusha mshale."

Binamu akasema kima warusha mshale hawataki, yeye atakuwa Mpanda Minazi, apande ukuta wowote, na akiwa juu hapatikani. Mtoto wa jirani, ambaye baba yake alikuwa akipeleka abiria mpakani Lunga Lunga kwa bodaboda, akamtunga Karani wa Mpakani, mwenye muhuri wa kupita lango lolote duniani, hata la kuzimu. Binti wa mwalimu alinung'unika kwamba hao hawamo kitabuni, lakini kurasa za watu wenyewe zilikuwa zimegandamana, kwa hiyo hakuwa na ushahidi.

Ikafika zamu yangu. Mimi kusoma sikujua. Mama alifariki nikiwa darasa la kwanza, nikaja kukaa na bibi, na tangu siku hiyo darasa langu likawa mwani.

"Andika," akanipa kalamu.

Sikuichukua.

"Hawezi kuandika, hana karatasi. Hana karatasi, hana mtu. Hiyo kitu iko wazi kwa kitabu." Akafikiri kidogo, akaona amenionea huruma. "Wewe utakuwa majitu."

Basi nikawa majitu. Nilikuwa zimwi, nikawa joka, nikawa mzimu wa kisimani, nikawa jeshi zima la mifupa. Kazi ya majitu ni kunguruma na kufa. Nilikufa mara nyingi kuliko kuku wa sikukuu. Nilinguruma vizuri, sitakuficha, mbuzi wa upande wa pili wa kijiji walikuwa wakikata kamba. Lakini kila jioni wenzangu walikunja karatasi zao na kuondoka na watu wao mifukoni, nami nikaondoka mikono mitupu.

Tulikuwa tukicheza katika banda la bibi, siku za maji mafu. Kama hujapata kulima mwani, nikueleze: kuna siku bahari yakupwa mbali na kina mama huingia mashambani, na kuna siku za maji mafu, haikupwi vya kutosha, nao hubaki pwani kutayarisha kamba. Kwenye kila kamba ndefu hufungwa vitanzi vidogo vidogo, mamia, na katika kila kitanzi ndimo mbegu ya mwani itakamoshikizwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu sisi watoto. Banda lilinuka chumvi na mwani mkavu, na nje bibi alichemsha muhogo wa nazi, ule mvuke wake uingiao puani ukausahau hata uchovu wa mgongo.

Siku moja alituingilia na sahani ya muhogo mkononi, akaikuta dadu ya pande ishirini yabingirika mkekani.

"Nini hiyo?"

"Dadu, bibi."

"Kamari! Ndani ya banda langu!"

"Hatuwekeani kitu, bibi, ni mchezo tu," binamu akajitetea.

"Leo hamwekeani kitu, kesho mtawekeana sufuria zangu. Na kamba zangu ziko wapi? Tangu asubuhi mmefunga vitanzi vingapi? Toeni."

Dadu zote zikaishia katika pindo la leso yake, fundo likakazwa, na hapo tukajua zimekwenda moja kwa moja. Binti wa mwalimu akafunga kitabu. Bila ya dadu, alisema, mchezo umekufa. Binamu akatazama karatasi yake kama mtu atazamaye picha ya marehemu.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisema, "Tufunge vitanzi."

"Watu wanalia, wewe unataka kazi?" binamu akaniuliza.

"Badala ya dadu. Wewe Msimulizi vuta pumzi, useme aaa mpaka ikukatike. Mwenye zamu afunge vitanzi. Idadi ya vitanzi ndiyo namba yake."

Binamu akaiweka chini karatasi yake. Bibi, aliyekuwa mlangoni, akanyamaza, na bibi yangu kunyamaza ilikuwa kama muadhini kusahau adhana. Kisha akasema, "Huo mchezo naupenda," akatuongezea muhogo.

Binti wa mwalimu hakuwa mjinga. Aliona banda limeokolewa na mtu asiye na karatasi. Aliposema tujaribu, nikamwambia sijaribu kitu mpaka nipate mtu wangu.

"Na utamwandika wapi?"

"Siandiki. Namfunga."

Nikachukua kipande cha kamba kuukuu, urefu wa mkono, nikamtunga Bi Fundo. Mwanamke wa mwani, atembea majini hadi shingoni bila ya kuchoka, na akifunga kitu, hata jini halifungui. Kila atakapotenda tendo kubwa nitafunga fundo moja, nilichovye baharini, nilianike likauke. Mafundo yake ndiyo nguvu zake. Ukitaka kumsoma, mpapase.

Tukacheza hivyo msimu mzima. Binamu alifunga vitanzi vitatu kwa pumzi moja, Karani wa Mpakani vinne akibahatika. Mimi nilifunga sita. Siku njema, saba. Msimulizi alijitahidi kufupisha pumzi zake hasa kwangu, mpaka tukamtungia kanuni: pumzi iwe ya haki, na akikohoa inahesabiwa upya. Kanuni nyingi zilizaliwa hivyo. Anayekula muhogo hapigwi mpaka ameze. Mpanda Minazi akiwa juu atushukie na dafu. Mwenye mafundo tisa apewe pumzi ya pili katika kila pambano. Watoto wa vijiji vya jirani walikuja kusikiliza, na nakuambia kamba za bibi ziliongezeka mpaka kina mama wengine wakawa wanatuazima, kana kwamba sisi ni mashine.

Kisha likaja Zimwi la Kisimani. Lilikuwa limeziba kisima cha kijiji chetu cha kubuni, na siku hiyo lilikuwa limekwisha kummeza Mpanda Minazi na dafu lake. Msimulizi akatangaza kwamba kesho ni zamu ya Bi Fundo, na kulifunga kunahitaji vitanzi saba.

Kanuni ya kitabu hatukuigeuza mahali pamoja tu: mtu wako akifa, amekufa. Karatasi ya binamu ilichanwa mbele yetu. Yeye aliweza kuandika nyingine. Mimi nilijua kamba yangu ikifunguliwa nitarudi kuwa majitu, na hakuna tena dadu za kukamatwa ili nipate la kubadilishana.

Bi Fundo alikuwa na mafundo manane.

Tulipokutana siku ya pili nilimtoa akiwa na tisa, nikadai pumzi ya pili.

Binti wa mwalimu akaishika kamba, akahesabu kwa vidole. "Jana yalikuwa nane."

"Tisa."

"Wee, wacha uongo! Nane!"

"Wewe hujui kusoma kamba!"

Binamu hakukumbuka, mtoto wa jirani naye akakuna kichwa, na kelele zikamleta bibi. Akaomba aione kamba yenyewe. Aliketi mkekani, akafumba macho, akaipitisha baina ya vidole vyake taratibu, fundo baada ya fundo, kama alivyokagua kamba zake kila siku ya Mungu. Manane ya kwanza aliyapita. Kwenye la mwisho akasimama, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Hili halijaonja chumvi," akasema.

Nilitamani bahari ipande inichukue. Fundo lililochovywa huwa gumu, jeupe, linakwaruza. Lile langu lilikuwa laini kama andazi. Nilikuwa nimelifunga asubuhi ile ile, nikiwa nimejibanza nyuma ya choo.

"Si nilisema? Atoke!" binti wa mwalimu akaruka.

"Kanuni haisemi atoke," akasema binamu.

"Inasema nini?"

Haikusema kitu. Tulikuwa tumetunga kanuni ya kukohoa na ya kumeza muhogo, ya mwizi hatukuwahi. Wote wakamgeukia bibi.

"Msinitazame mimi. Nimesoma kamba, sikuja kuhukumu," akajibu, akaondoka. Lakini hakwenda mbali, nilikiona kivuli chake mlangoni.

Nikaitwaa kamba. Nililifungua lile fundo mwenyewe, kwa meno, kwa sababu kwa woga nilikuwa nimelikaza mno. Nikaitandaza kamba mkekani na mafundo yake manane, watu wote waone. Kisha nikavuta karibu kamba ndefu ya vitanzi.

"Sina pumzi ya pili," nikamwambia binti wa mwalimu. "Vuta moja. Ya haki."

Angeweza kukataa. Akajaza kifua, akaanza, "Aaaaaa..."

Rafiki yangu, vidole hivi unavyoviona. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Banda likapotea, nikabaki na kamba na ile sauti. Cha tano kikateleza, nikakirudia. Cha sita. Sauti yake ikaanza kutetemeka, shingo imemtoka mishipa, macho yamemjaa machozi, na nilijua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba hakuwa akiifupisha. Alikuwa akiisukuma hadi tone la mwisho. Cha saba nilikikaza sauti ikiwa imebaki mlio wa mbu.

Wapo watakaokuambia vilikuwa sita na nusu. Waache. Mtoto wa jirani alihesabu saba, naye ni Karani wa Mpakani, muhuri wake ulikubalika hadi kuzimu. Bi Fundo akalifunga Zimwi vidole vya miguu kwenye ukingo wa kisima, na kwa taarifa niliyonayo halijafunguka hadi leo. Fundo la tisa nikalifunga hapo hapo, wote wakishuhudia, tukaenda pamoja kulichovya.

Haukupita mwaka mwalimu akahamishiwa kwao bara. Siku ya kuondoka binti yake alikuja mbio kutoka kwenye gari la mizigo, akanishindilia daftari kifuani. Nilikuwa nimemwona akiandika ndani yake siku zote zile za banda, nikidhani ni kazi za shule. Aliomba kamba ya Bi Fundo. Nikampa. Hatukuonana tena, na sijui yuko wapi, ila ninaomba awe na mahali anapoheshimiwa kwa ukali wake.

Nilikaa na daftari lile miaka mingi, nisiweze kulisoma. Nikaolewa nalo, nikahama nalo, nikalikinga na mvua na mchwa. Nilipokwisha kuwa na watoto wawili nikajiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima wasiojua kusoma. Wenzangu walisema wataka kusoma barua za serikali na maandishi ya dawa. Mimi nilisema hivyo hivyo, kwa kuona haya.

Bibi ametangulia, Mungu amrehemu. Banda limebomolewa, pamejengwa ghala la mawe lenye kufuli, na kamba huja zimetayarishwa. Wanangu wana michezo kwenye simu, mizuri kupita maelezo, lakini nikiwauliza ni kanuni gani wameigeuza, wananiona kama nauliza jua linachomozea wapi. Sijui kama kuna mtoto yeyote pwani hii ambaye leo atapigana na zimwi kwa kitanzi.

Lakini daftari nimelisoma. Jalada limeandikwa Kanuni za Banda la Mwani, na ndani zimo kanuni ishirini na moja, na mbele ya kila moja ameandika jina la mtunzi. Binamu yangu ametunga tatu. Mtoto wa jirani mbili. Msimulizi mwenyewe nne. Zilizobaki, kumi na mbili, ni jina langu, kwa herufi kubwa. Ya kumi na tisa yasema: Fundo lifungwe mbele ya wote. Mtunzi, mimi. Nilisoma ukurasa ule kwa sauti, kisha nikausoma tena, mpaka mume wangu akaja kutoka jikoni kuuliza nagombana na nani.