Chai ya Maji ya Omugo

Nilipopata nafasi mbili za kusomea shahada ya uzamivu, watu wa kwetu Koboko walijigeuza kamati ya chuo kikuu. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya mito na maziwa, humu humu Uganda. Ya pili ilikuwa ya usimamizi wa maji na rasilimali za bahari, mbali huko pwani. Moyo wangu ulikuwa pwani. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, hakutaka hata kusikia.

"Koboko iko na bahari wapi?" aliniuliza kwa simu nikiwa ofisini Arua. "Wewe nataka kusoma samaki gani?"

Nikamwambia samaki sina haja nao. Kisima ambacho shirika letu lilichimba Omugo, kwenye makazi ya wakimbizi, kilitoa maji ya chumvi, na wanaojua mambo ya visima vya chumvi ni watu wa pwani. Shangazi akasema chumvi inauzwa dukani, akakata simu. Nilikasirika, nikaishia kuigombeza kompyuta ya ofisi.

Ningeweza kwenda bila ridhaa yake. Lakini kwetu mtu hafungi safari ndefu kabla mkubwa wa nyumba hajamsomea dua na watu wakanywa chai pamoja. Kuondoka bila hiyo ni sawa na kutoroka, nami sikutaka kutoroka. Chuo kilitaka jibu Jumatatu. Jumamosi nikaenda Koboko kujaribu bahati yangu.

Njiani nilimpitia rafiki yangu wa Omugo, mama wa Sudan Kusini anayetunza pampu ya kile kisima. Alikuwa na dada yake wa kumtembelea Koboko. Alipanda gari na jerikeni ya maji ya kisima, niliyomwomba kwa ajili ya kupima maabara.

Tulikuta nyumba ya shangazi imejaa ndugu waliosikia nakuja kuomba ruhusa. Kiangazi kilikuwa kikali, mabomba yamekauka, na siku kama hizo mgeni mwenye adabu huja kwenye shughuli na maji yake. Mwenyeji naye huyapika papo hapo, asionekane ameyadharau. Shangazi aliiona jerikeni mkononi mwa mgeni, akaipokea kwa mikono miwili, uso umemchanua. Mimi nilikuwa bado nasalimiana na wajomba. Nilipoikumbuka, chai ya tangawizi ilikuwa imeshamiminwa.

Wajomba walikunja nyuso. Binamu yangu alikimbilia uani kutema. Shangazi akaonja, akakitua kikombe kwa kishindo.

"Nani naweka chumvi ndani ya chai yangu?"

Nilicheka mpaka machozi. "Hakuna mutu, shangazi. Hii ndiyo maji ya Omugo, ile nilikuambia kwa simu."

Akanikazia macho, kisha akamgeukia mgeni amtake radhi. Yule mama alikuwa amemaliza kikombe chake na anakisogeza mbele aongezewe.

"Chai iko muzuri, mama," alisema. "Tangawizi iko mingi."

Kicheko kilinikauka. Shangazi aliagiza chai nyingine ipikwe kwa maji ya akiba ya mtungini, akammiminia mgeni kwanza, kabla ya wajomba. Mgeni akanywa, akafikiri.

"Hii pia iko muzuri," alisema kwa upole. "Lakini inakosa kitu kidogo."

Shangazi akafungua viganja vyake.

"Kaa hapa karibu," aliniambia. "Mimi nasoma dua. Wewe taenda kwa hiyo bahari."