Kati ya Upare na Kwetu

Binti yangu aliponiambia kwamba likizo yake ataitumia kupanda milima, nilimuuliza kama vilima vya mawe vya Mwanza vimekwisha. Nyumba yetu yenyewe imekaa juu ya jabali. Tunalipanda kila siku na ndoo, na mitungi ya gesi, na magunia ya mkaa, na hakuna anayetupiga picha. Akacheka, akasema hiyo si likizo, hayo ni maisha. Yeye alitaka kutembea kijiji hadi kijiji na mwenyeji wa kumwongoza, alale nyumba za watu, ale chakula chao, aone wanavyofinyanga vyungu. Na alitaka twende wote wawili.

"Kwani mama wewe si mtu wa milimani?" akaniuliza. "Au umeshageuka Msukuma?"

Sijageuka. Ninafuma masweta ya shule kwa mashine, katika kibanda changu karibu na soko pale Nyamagana, na watu hunitania kwamba nimekosa kazi ya kufanya katika mji wa joto kama huu. Waache wacheke. Kuna shule za Kikristo zinataka watoto wavae sweta hata jua likiwaka, na mimi nakula kwa hizo. Lakini kuna jambo jingine ambalo wateja hawalijui. Nikiwa na uzi mzito mapajani nakumbuka baridi ya kwetu Usambara, ile inayopita chini ya mlango asubuhi pamoja na ukungu, na mama yangu anapuliza moto huku amejifunga kanga mbili juu ya sweta. Mwanza imenipa mume, watoto na kazi, nami ninaipenda. Hata hivyo nimeishi ukingoni mwa ziwa hili nikiwa na hamu ya baridi, na hamu yenyewe haizeeki. Mimi ndiye ninayezeeka.

Basi binti akaweka simu yake juu ya meza yangu ya kukatia, akaanza kunionyesha. Kilimanjaro alikuwa ameshaufuta. Alisema kule watu wanalipa hela nyingi ili wakatapike. Ilibaki milima miwili iliyo jirani, Upare na Usambara, iliyotenganishwa na mbuga tu. Akasogeza picha kwa kidole: misitu, maporomoko, njia nyembamba zinazopita katikati ya mashamba ya ngazi. Halafu ikaja picha ya bibi amechuchumaa jikoni, anakoroga chungu, na chini yake imeandikwa kwamba mgeni anaweza kujifunza kupika makande na bibi wa Kisambaa.

"Utalipia makande?" nikamuuliza. "Mimi nimekupikia bure tangu ulipoota meno, ukawa unachagua maharage unaacha mahindi."

"Haya ni ya milimani, mama."

Niliitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Mafiga matatu, ukuta mweusi kwa moshi, mahindi yametundikwa juu ya moto yakauke. Sikumfahamu yule bibi. Ila jiko nililifahamu. Nikairudisha simu.

"Twende Upare," nikasema.

Nikampa sababu. Upare ni karibu zaidi ukitoka huku kwetu, basi linapitia Singida na Arusha na kukushusha Same, kisha unapanda mlima. Usambara ni kwenda mbele zaidi kwa njia hiyo hiyo mpaka Mombo, mgongo umeshakufa. Upare wageni si wengi, kwa hiyo watu hawajazoea kupigwa picha. Kuna msitu wa Shengena. Kuna hadithi za mizimu na za watu walioita mvua. Yote hayo ni kweli, na niliyasema kwa haraka kama mtu anayeuza nguo yenye kasoro.

Binti alinitazama. "Yaani twende mpaka Upare, na kwenu ni hapo jirani?"

"Ndiyo hivyo."

Hakubishana. Alimwandikia kijana mmoja wa Upare anayeongoza wageni, akamuuliza nafasi. Nilirudi kwenye mashine yangu, nikaharibu mkono mzima wa sweta, nikaufumua.

Jumamosi mume wangu akaja kutoka Sengerema, ambako siku hizi anakaa zaidi akiangalia shamba. Zamani tulikuwa tunangoja kivuko pale Kigongo mpaka chakula kinachacha. Sasa kuna daraja, anafika hata chai haijapoa. Yeye ni mtu wa ziwani kabisa, anasema akipanda ngazi ya benki tu anasikia kizunguzungu. Tulipomweleza habari ya safari, hakuuliza mlima gani ni mrefu wala wapi kuna mandhari nzuri. Aliuliza habari ya samaki.

"Mtabeba sato wangapi?"

Kwa watu wa huku hilo si swali la mzaha. Mtu hatoki Mwanza kwenda kwa watu mikono mitupu. Utawaona stendi na ndoo zimefungwa kwa mpira, maboksi yanadondosha barafu, kondakta analalamika lakini anapakia. Samaki ndiyo salamu yetu.

"Beba wa kukausha," akasema mume wangu, "wabichi hawatafika. Sasa huko Upare mtampa nani?"

"Hatuna mtu Upare," akajibu binti.

"Hamna mtu?" Alishangaa kweli. "Mnakwenda mahali hamna wa kumpa samaki? Na mama mdogo wa mama yako yuko mlima wa pili, anangoja? Mke wangu, samaki lazima awe na mwenyewe."

Nikamwambia anyamaze anywe chai. Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu alikuwa ameweka kidole pale pale. Baadaye binti alinifuata nje nilipokuwa naanika nguo, akashika upande wa pili wa shuka, akauliza polepole, "Mama, kwa nini hutaki kwenda kwenu?"

Nilimjibu kwamba mtu haendi kwao kutalii. Utafika na begi mgongoni, na kijana wa kukuongoza, upite mlangoni kwa watu waliokulea ukiwa umelipia kulala kwa jirani? Watakuuliza umekosa nini. Hilo aliliona. Lakini alijua sijamaliza, akaendelea kushika shuka, nami nikamweleza.

Mama yangu alifariki nilipokuwa nimelazwa Sengerema, nimetoka kumzaa yeye huyo huyo aliyeshika shuka. Habari ilikuja kwa simu ya shemeji. Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeshajifunga mtoto kwa kanga, nimeshavaa viatu. Wifi zangu wakanizuia: kuvuka kivuko, kisha basi siku mbili kwa barabara za wakati ule, na kitovu cha mtoto bado kibichi. Walisema ukweli, na sikuwahi kuwachukia kwa hilo. Kule nyumbani walingoja kidogo, kisha wakazika. Mimi ni binti pekee wa mama yangu, na sikuwepo.

Kwetu, mtu aliyekosa mazishi ya mzazi wake haingii kijijini kimya kimya. Anaanza kulia tangu kona ya mwisho. Watu wanatoka majumbani wanalia naye, hata kama msiba umeshapoa na nyasi zimeota, kisha wanamshika mkono wanampeleka kaburini. Mwanzoni nilikuwa na mtoto mchanga. Kisha akaja wa pili. Kisha lori la mume wangu likaharibika, tukaanza kuhangaika. Nilipopata nauli, nikawa sijui tena jinsi ya kuipita ile kona. Nilihisi kwamba wenzangu wote walishamaliza kulia, na mimi nikienda nitalia peke yangu, na kule kwenyewe nitakuta kila kitu kimeshafungwa, hakuna kilichobaki cha mimi kufanya.

"Ndiyo maana Upare?" akauliza binti.

"Kijiji chetu kiko ukingoni, pale mlima unapokatika. Tukiwa wadogo tulikuwa tunaiona milima ya Upare ng'ambo ya mbuga, ya bluu. Mama alikuwa akisema, wenzetu kule nao sasa hivi wanapika." Nikabana kibanio. "Nilitaka nisimame kule nitazame kwetu. Nipaone bila wao kuniona."

Binti alilia kidogo, nami nikamwambia aache, shuka litachafuka. Nilimpenda sana wakati ule. Tukakubaliana iwe Upare.

Kijana wa Upare alijibu kwamba nafasi ipo. Kesho yake, baada ya ibada, binti alisema si vizuri tupite jirani bila kumwambia bibi yake, yaani mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyebaki katika boma letu. Akapiga, akaweka spika, akaiweka simu mezani kati yetu. Nilikuwa bado nimevaa nguo za kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Wajukuu zangu wanaendeleaje?"

Nikamwambia hatujambo. Nikamwambia mjukuu wake ana likizo, na kwamba tunakuja pande zile kutembea, lakini tutaishia Upare.

"Upare kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama. Kutembea tu. Kuangalia milima."

"Ah." Nilisikia kuku kwa nyuma, na mtu anapasua kuni. "Basi siku mkifika mniambie. Nitatoka nje nitazame huko."

Hakunisuta. Angenisuta ningejua la kujibu. Alisema kama mtu anayeridhika na kidogo, na mimi nikatafuta neno lolote la kujaza kimya. Nikamuuliza habari ya kaburi la mama. Binti yangu alipoanza darasa la kwanza niliwahi kutuma fedha za kununua saruji ili lijengewe, na kaka yangu akaniambia imeshanunuliwa. Sikuuliza tena. Sasa nikamuuliza kama halijapata nyufa.

"Lipate nyufa za nini?"

"Ile saruji, mama. Haijapasuka?"

"Saruji ipo stoo. Imeganda, imekuwa jiwe. Kuku wanalala juu yake."

Nilidhani sikumwelewa. "Hamkujengea?"

"Tungejengeaje na wewe hujatia udongo wako?" Alisema kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye niliyesema jambo la ajabu. "Ukishajengea umefunga. Kaka zako walitaka, mafundi wakaja kabisa na mapauro yao. Nikawafukuza. Nikawaambia huyu alizaa mtoto mmoja tu wa kike, na huyo hajafika. Mimi napalilia tu, natoa majani, naacha udongo wazi."

"Miaka yote hiyo, mama?"

"Kwani kupalilia ni kazi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ungeona nakuvuta. Nilijua utakuja."

Nililia pale mezani na kofia yangu ya kanisani kichwani, nililia kwa sauti mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna msiba gani, na binti akamwambia ni wa bibi. Jirani yule ni mtu wa Ukerewe, anajua adabu. Aliacha ndoo yake, akaingia, akakaa karibu yangu, akaanza kulia naye bila kuuliza ni bibi yupi wala lini. Kwenye simu mama mdogo alikuwa akilia pia, taratibu, akiniita kwa lugha ya kwetu jina la utotoni ambalo hapa Mwanza hakuna mtu anayelijua. Nilikuwa nikiogopa kwamba nitalia peke yangu.

Tulipotulia tukaagana na mama mdogo, na jirani akaenda kuchemsha maji. Binti alichukua simu, akaniomba ruhusa kwa macho, akaandika kwa kijana wa Upare kwamba tumeahirisha. Halafu akamtafuta mwenyeji wa Usambara, yule aliyeweka picha ya makande. Alijibu pale pale, kwa furaha, akatutajia njia zote na vijiji vyote, na akauliza tungependa shughuli gani za utamaduni: kufinyanga, kupika, au kutembelea waganga wa miti shamba.

"Nimjibu nini, mama?" akauliza binti.

Nilifuta uso kwa kitambaa cha meza.

"Mwambie njia tunaijua. Atutafutie mtu wa kutupandishia saruji mpya kutoka barabarani. Udongo nitautia mwenyewe."