Papasi wa Ugenini

Kwa jumla, utafiti wa kwanza wa chuo chetu uligharimu darubini moja kuukuu, sungura wanne wa majaribio, kopo la maziwa ya unga na mwanangu wa kwanza. Nimehesabu mara mbili. Haipungui.

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, mwalimu wetu wa baiolojia alichoka kupeleka damu Dar es Salaam na kungoja majibu hadi mgonjwa apone au azikwe. "Tutachunguza wenyewe," akasema, akatupatia stoo ya karanga iwe maabara. Tukaanza na homa ya papasi, wale kupe wa sakafu za udongo wanaouma watu usingizini. Mimi, mtoto wa sokoni Tabora, nikatumwa kuwatafuta kwenye nyumba za zamani kando ya njia ya misafara, upande wa Ujiji.

"Marahaba," alinijibu bibi mmoja. "Papasi mnanunua? Mjini kunguni wamekwisha?"

"Wapo, bibi. Ila hawajatakiwa chuoni."

Tukapatana: chumvi pakiti moja, papasi thelathini. Nikawatia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikawahesabu mara mbili, maana mara ya kwanza walikuwa ishirini na tisa.

Stoo haikuwa na kufuli. Mwalimu akaamuru kopo nilale nalo nyumbani, yaani kijiji kipya tulikohamishiwa, kwenye nyumba ya udongo usiokauka sawasawa, pamoja na mama yangu na mke wangu mwenye mimba ya miezi saba.

Kwetu mtu akihama huchukua papasi wa nyumba yake ya zamani na kuwaachia kwenye mpya, ili wamuume waliomzoea na homa ngeni isimpate. Mama hakuwahi. Mgambo walimwezulia paa akiwa kisimani, na aliwalilia papasi kuliko vyungu. Basi alipoliona kopo chini ya kitanda, alidhani nimerudi nyumba yetu ya zamani kumletea papasi wake. Mimi nikiwa darasani, akawamwaga wote kwenye nyufa za chumba changu.

"Wakuzoee upesi, mwanangu," akamwambia mke wangu.

Homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Nilimpeleka mke wangu chuoni kwa baiskeli. Mwalimu akamtoboa kidole, akainamia darubini, kisha akaruka.

"Tumewapata! Njooni muone!"

Wenzangu wakapanga foleni. Ndani ya damu ya mke wangu vidudu vilijizungusha kama nyuzi zilizokatika. Mmoja alinipigia makofi.

"Bwana Papasi, shemeji ameingia kwenye historia!"

Shemeji alikuwa kwenye benchi, mikono tumboni. "Na mimi nione?" akauliza. Hakuna aliyempisha.

Penisilini ilimponya yeye. Mtoto wa kiume alizaliwa kimya. Siku tuliyomzika, maabara ilifungwa kufuli jipya. Mwalimu alinieleza kwa upole kwamba papasi wa ugenini huja na homa ya ugenini, nami nikamweleza mama, kwa upole mdogo zaidi.

Mwaka uliofuata kijiji kiliamriwa kusogea tena, karibu na barabara. Mama alikuja chuoni kwa miguu, akasimama mlangoni pa maabara na papasi wachache wamefungwa kwenye kitambaa mkononi. Mimi hakunitazama.

"Mwalimu, nasikia hawa unawajua wewe. Safari ile niliachia wageni. Sasa tunahama tena, na mkwe wangu ana mimba nyingine. Nishauri, baba: hawa wa nyumba tunayoihama niwachukue, au niwaache?"