Gari la Wageni

Nyumbani kwao, alipokuwa msichana, palikuwa na kabati la vioo sebuleni, na ndani yake vikombe vyeupe vyenye mdomo wa dhahabu. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kunywea vikombe hivyo. Vilioshwa kila Jumamosi, vikafutwa, vikarudishwa mahali pake. Yeye na mdogo wake wa kiume walinywea vya plastiki vilivyotafunwa midomo, macho yao yakiwa kabatini.

"Vya wageni hivyo," mama yao alisema. "Nisione kidole cha mtu."

"Na mgeni asipokuja?" aliuliza yule mdogo.

Akala kofi la mgongo, na swali likaishia hapo. Lakini kofi haliui swali. Hilo lilitangulia kwenda kumsubiri dada mtu ukubwani, mahali asipolitazamia: uwanja wa makao makuu ya zimamoto ya jiji.

Aliingia kazini akiwa binti mwembamba, mmoja wa wanawake wachache waliokubaliwa kupanda gari. Aliyemfundisha kazi alikuwa dereva mmoja ambaye wenzake walimwita Breki, kwa sababu hakupenda kuigusa. Siku ya kwanza walirudi kutoka kwenye moto wa ghala, koo zimekauka kama msasa, naye binti akaukimbilia mtungi wa maji. Breki akamshika mkono.

"Taratibu, dada. Hapa tuna sheria moja, nyingine zote ni mapambo. Gari hunywa kwanza. Likishashiba, ndiyo unywe wewe. Gari la zimamoto halilali na kiu."

Akasimama na kiu yake, akisikiliza maji yakiingia kwenye tangi. Hakuwahi kuipenda kazi kama alivyoipenda dakika ile.

Kumbe alikuwa pia na kipaji kingine: alijua kuandika na alijua kusema mbele za watu bila kutetemeka. Mtu wa namna hiyo haachwi chini. Wakampandisha ofisini kidogo kidogo, ngazi baada ya ngazi, mpaka akawa Naibu Mkuu wa Zimamoto upande wa utawala. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, na dirisha lake lilitazama uwanja wote hadi getini. Zamu, likizo, sare, mafuta, nidhamu, matibabu ya waliojeruhiwa, yote yalipita mezani kwake. Tusimwonee: alifanya kazi. Wakati wake askari alipata likizo bila kumlamba mtu viatu, na mjane wa askari hakuzungushwa kama pia.

Kisha likaja gari jipya.

Lilikuwa zawadi, jekundu, linang'aa hata ukajiona meno. Mkuu wa Zimamoto alilizunguka mikono nyuma, kama bwana harusi asiyeamini bahati yake. "Hili halitoki ovyo," alisema. "Hii ndiyo sura yetu." Likajengewa banda la peke yake, sakafu ikapakwa rangi ya kung'aa, na funguo zikakaa kwenye droo ya Naibu. Tangu siku hiyo askari wakampa jina: Mama Funguo. Gari jipya lilitoka kwenye gwaride, kwenye uzinduzi, na siku za wageni. Kwenye moto yalikwenda yale mawili ya zamani, yakikohoa njia nzima.

"Dada," Breki alimwuliza siku moja, "huyu bibi harusi tunamwoza lini? Maana kila siku tunamvisha tu."

Naibu akacheka. "Vumilia, Breki. Mkuu anastaafu mwaka huu, na ameshaniambia kiti ni changu nisipomtia aibu. Nikikikalia kile kiti, gari hili litatoka kila siku mpaka rangi ichoke."

Nikikikalia kiti. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya usingizi. Buti za askari zimepasuka? Nikikikalia kiti. Mipira ya maji imejaa viraka? Nikikikalia kiti. Mkuu akisema jambo la kipuuzi kwenye kikao, aliinamisha kichwa kwa heshima na kumeza. Ofisi zetu zimejaa watu wema wa namna hii. Si wezi, si wavivu. Wameufungia wema wao kabatini pamoja na vikombe, wanausubiri ugeni mkubwa, na huku nje watu wanakufa kwa kiu.

Baadaye tangi la gari jipya likaanza kuvuja, tone moja moja. Si kitu, mpira mdogo tu wa kuzibia ulichoka. Lakini matone yaliacha doa kwenye ile sakafu, na siku moja kiatu cha Mkuu kikateleza.

"Naibu! Hili doa hadi lini? Wageni watatuonaje?"

Naibu akashuka karakana, akamwambia fundi amwage maji mpaka mpira mpya upatikane.

"Yote, Mama?"

"Yote."

Fundi akajikuna kisogo. "Gari lilale na kiu?"

"Ni la wageni hilo. Linakwenda wapi?"

Maneno yalimtoka laini, kama si yeye aliyewahi kusimama na koo kavu akisikiliza maji yakiingia. Mpira mpya haukuletwa. Sakafu ikabaki kavu, Mkuu akaridhika, na Naibu akasahau.

Wakasikia kuna wageni wakubwa wanakuja kukagua. Siku moja kabla hawajafika, saa za kazi, mlango wa Naibu ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Breki, kofia mkononi, jasho likimtiririka.

"Funguo, dada."

"Za nini?"

"Karakana za maseremala zinaungua. Moja ya yale magari yetu mabibi kizee liko kwenye moto mwingine, ng'ambo ya mji. Hili la pili nimelipiga starta mpaka limenitukana. Haliwaki. Nipe hilo jipya."

Maseremala. Mdogo wake, yule wa swali la vikombe, alikuwa na karakana pale pale: milango, madirisha, vitanda, na mashine ya randa aliyoinunua kwa jasho la ujana wake wote.

Mkono ukaenda kwenye droo. Ukasimama. Ukaenda kwenye simu.

"Mkuu, kuna moto mkubwa kwa maseremala. Naomba kutoa gari jipya."

"Kesho wageni wanakuja."

"Najua, Mkuu."

"Limeshaoshwa?"

"Limeoshwa."

Kisha, kwa sauti ya baba: "Naibu, wewe ni mtu mzima. Tumia busara." Akakata.

Tumia busara! Kila aliyekaa ofisini anaijua tafsiri yake. Mambo yakienda sawa, mimi ndiye niliyekutuma. Yakiharibika, sikujui.

"Amesemaje?" Breki aliuliza.

"Anasema nitumie busara."

"Basi itumie haraka, inaungua."

"Breki, unajua nikikosea leo..."

"Najua. Kiti." Dereva aliinamia meza, sauti ikashuka. "Dada, hatujawahi kukuomba kitu. Buti tumevaa zilizopasuka, tumenyamaza. Kama hutoi kwa ajili yetu, toa kwa ajili ya mdogo wako aliye kule."

"Najua yuko kule!"

Alifungua droo, akamtupia funguo. Breki alizidaka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimtazama kama zamani.

"Haya. Sasa nimekuona."

Akashuka ngazi akikimbia. Naibu akasogea dirishani. King'ora kililia, askari wakadandia, na lile jekundu likatoka bandani kama simba aliyefunguliwa. Machozi yalimlenga. Kwa muda mfupi alikuwa mtu aliyekusudia kuwa. Kiti kiende kinakotaka, alijisemea.

Kabla ya geti palikuwa na tuta. Gari la zimamoto lenye maji hulipanda tuta kama mama mjamzito, polepole, likiguna. Lile jekundu liliruka. Lilidunda juu, matairi yakapiga chini kwa wepesi, likapotea barabarani.

Naibu alishika ukingo wa dirisha.

"Yote, Mama?" "Yote."

Akaikamata simu, akampigia Breki. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita. Dereva wa zimamoto haruhusiwi kupokea simu akiwa njiani, na aliyeandika agizo hilo alikuwa yeye. Akakimbilia gari la ofisi na kumwambia dereva wake afuate moshi.

Alipofika, watu walikuwa wamekwisha kushangilia na wamehamia kwenye kicheko, kile kicheko kinachokuja kabla ya mawe. Mpira ulilala chini umenyooshwa vizuri, askari ameuelekeza mdomo wa mpira kwenye moto, pampu inanguruma. Kilichotoka ni upepo.

"Mmekuja kuuzima au kuupuliza?"

"Wapisheni, wamekuja kupiga picha!"

"Jamani, msiwacheke, gari lao limefunga saumu!"

Breki alikuwa amepiga magoti kando ya tangi, ameliegemezea sikio kama daktari kwenye kifua cha maiti. Alimwona Naibu akija. Aligonga tangi kwa ngumi mara moja, likalia kama ngoma.

Seremala mmoja jirani, uso mweusi kwa masizi, akamjua na kumvuta kando. "Mama, njoo. Mdogo wako huyu hapa."

Alikuwa amelazwa juu ya mlango mpya usiopakwa rangi, mlango alioutengeneza mwenyewe. Kichwa kizima, miguu mizima. Mikono ilikuwa imefunikwa kwa shati la mtu.

"Alikuwa ametoka," yule jirani alisema, akilia sasa waziwazi. "Alikuwa nje, salama kabisa, amekaa pale. Lilipokuja gari akaruka. Akasema, 'Ni watu wa dada hao, maji yamefika!' Akarudi ndani kuvuta mashine. Alijua mtammwagia maji, Mama. Tulijua wote."

Maji yalikuja baadaye kwa ndoo, na baadaye zaidi kwa lile gari la ng'ambo. Yalikuta majivu.

Kesho yake wageni walifika. Lile jekundu lilikuwa limeoshwa tena, liko bandani, na Mkuu akasimama mbele yake wakapigwa picha. Kabla wageni hawajaingia ndani, Mkuu alimsogelea Naibu na kumnong'oneza: "Nimelikagua. Hata mkwaruzo hakuna. Nilijua utatumia busara."

Mji ulipiga kelele, na kelele za mji zinataka kichwa cha kutua. Kikao kikaitwa. Nani alitoka na gari tupu? Ikasemwa kwamba ni wajibu wa dereva kukagua tangi kabla ya kuondoka. Fundi wa karakana alizitazama buti zake. Breki alimtazama Naibu. Hakumtazama kwa hasira, alisubiri tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu ili waendelee na safari.

Ilihitajika sentensi moja: mimi ndiye niliyeamuru maji yamwagwe. Ilifika kwenye ulimi. Kisha ile dawa ya zamani ikamjia, tamu kama kawaida: nikikikalia kiti, nitamrudisha.

Breki aliondolewa kazini bila hata sherehe ya chai. Alipokabidhi kofia yake alisema maneno mawili tu, "Haya, dada," akaondoka kwa miguu, akilipita lile tuta.

Mkuu akastaafu. Kiti akapewa yeye.

Siku ya kwanza alikikalia. Kilikuwa kiti cha kawaida, sponji imebonyea kwa umbo la mtu mwingine. Naibu mpya akaingia, kijana mwenye macho ya moto, akasema: "Mkuu, wote tunajua lile gari halikuwa kosa la Breki. Tumrudishe. Na hili jipya lianze zamu."

"Ni kweli kabisa," alisema. "Lakini tusubiri kidogo, mambo yatulie."

Akajisikia akisema, na sauti ilikuwa ile ile ya baba, ya Mkuu aliyestaafu.

Jumapili moja alikwenda nyumbani kwao. Mdogo wake alikuwa sebuleni, kwa kuwa tangu ule moto alikuwa amerudi kuishi na mama. Alikuwa akinywa chai kwenye kikombe cha plastiki, amekibana katikati ya vifundo viwili vya mikono, kwa sababu vidole havikujikunja tena. Akamwonyesha kiti kwa kidevu.

"Karibu."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea. Ile mashine walinipa shilingi mbili tatu za chuma chakavu."

Akatafuta neno. Alikuwa amelibeba njia nzima, ile sentensi moja, akijiapiza kwamba leo ataitoa angalau humu ndani, kwa watu wa damu yake. Akafungua mdomo. Mama yao akawa ameingia na birika. Akapita mbele yake, akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua kioo. Kililia kwa kutozoea. Akatoa kikombe cheupe chenye mdomo wa dhahabu, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakimiminia chai mpaka juu na kukiweka mbele ya binti yake kwa mikono miwili, kwa adabu yote.

"Mama, nipe tu cha plastiki."

"Hapana," alisema mama, na hakukaa. "Hivi ni vya wageni."

Chai ilitoa mvuke. Ile sentensi ilikuwa bado mdomoni, lakini hakukuwa tena na mtu wa kuambiwa. Walikuwa wamekwisha kuijua, siku nyingi.

"Kunywa, Mkuu," alisema mdogo wake. "Itapoa."