Shukrani ya Nyumba Isiyo Yangu

Nimsifu kwanza Mungu, aliyenifikisha umri huu na bado naweza kutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Alinilinda katika nchi za watu, akanirudisha nyumbani salama. Sifa zote ni zake.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa nimeshavuka arobaini, lakini katika jambo hili akili yangu ilikuwa bado ya kitoto. Nilikuwa fundi cherehani katika duka la vitambaa Bur Dubai, na nililala mtaa wa International City, wanawake sita chumba kimoja. Kila mtu alikuwa na kitanda chake na pazia lake. Mapazia yote niliyashona mimi, kwa mabaki ambayo arbab, mwenye duka, aliniachia.

Nyumbani Taita sikusema hivyo. Nilimwambia mama kwamba nina nyumba yangu, ina sebule na roshani. Nilitaka alale bila wasiwasi. Mama naye, kwa furaha yake, akawaambia watu wote kanisani.

Mwaka huo mjomba wangu, kaka yake mama, alisafiri na wenzake wa kanisani kwenda Yordani na Yerusalemu. Alikuwa amefundisha Biblia maisha yake yote bila kuona hata mahali pamoja alipopafundisha. Alichagua siku za Sikukuu ya Vibanda, ambapo Wayahudi hukaa siku saba katika vibanda vya matawi, wakikumbuka jinsi baba zao walivyoishi jangwani. Ndege yao ilipitia Dubai, wakapata siku moja ya kupumzika. Kanisani kwetu, mtu akienda safari ya namna hiyo, watu humwandikia shukrani zao kwenye daftari ili akazisome mbele za Mungu huko.

Mjomba alisema angependa kuiona nyumba yangu. Nilihangaika, halafu nikamwendea rafiki yangu Rehema wa Tanga, aliyekaa na mumewe jengo la pili. Alinipa funguo akicheka. "Shoga, ukinivunjia vikombe utanitambua."

Mjomba alikuja alasiri, akaketi, akasifu sebule, akaomba maji. Nilifungua kabati la kwanza nikakuta masufuria. La pili lilikuwa na nepi za mtoto. Glasi nilizipata katika la tatu. Mjomba alinitazama tu, akanywa polepole mpaka tone la mwisho. Kisha akatoa daftari, akanisomea maneno ya mama: anamshukuru Mungu kwa nyumba aliyompa binti yake Wakesho huko ugenini.

"Hii nitaisoma Mlima Nebo," akasema, "pale Musa alipoonyeshwa nchi ambayo asingeiingia. Musa hakusema ameingia. Niisome hivi hivi, mpwa wangu, au kuna neno la kurekebisha?"

Hakupandisha sauti. Kalamu alikuwa ameshaishika.

Nililia, mwanangu. Kumdanganya mama nilikuwa nimeshazoea. Lakini uongo wangu upandishwe Nebo ukaitwe shukrani, hilo lilinishinda. Nilimweleza yote, naye akaomba nimpeleke ninapolala.

Mwanamume haruhusiwi kuingia chumba cha wanawake, kwa hiyo alisimama mlangoni, lakini viatu alivua. Mkubwa wetu, Bi Saida wa Unguja, alimkaribisha kwa kicheko. "Karibu kasri letu, baba. Chumba kimoja, masultani sita." Nakato, dada wa Uganda, akavuta pazia langu ili mgeni aone. "Usimwonee huruma, mzee. Sisi katushonea ya mistari, haya ya maua kajiwekea yeye."

Mjomba aliangalia kitanda changu, Biblia yangu juu ya mto, na lile pazia la buluu lenye maua. Kisha akanigeukia.

"Wakesho, mimi navuka bahari kwenda kutazama vibanda, na wewe unaishi ndani ya kimoja. Hata tajiri, siku hizo, hutoka kwenye nyumba yake akala kibandani, na ameamriwa afurahi humo. Kwa nini ulimnyima mama yako furaha hii?"

Tukamwekea kiti pale koridoni, akanywa chai na mandazi ya Bi Saida, sisi ndani na yeye nje, tukicheka kama watu wa nyumba moja. Baadaye alikata neno "nyumba" daftarini, akaandika "kitanda, pazia na wenzake watano." Ila alikataa kuwa mjumbe wangu; mama nimpigie mwenyewe, yeye akisikiliza.

Nilimpigia, nikasema yote, hata habari za pazia. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hilo pazia ni la rangi gani?"

Miaka kadhaa baadaye nami nilijaliwa kupanda Nebo. Nililitazama bonde la Yordani, nikashuka hadi mtoni, nikavuka mpaka Yerusalemu. Zilikuwa siku za Vibanda. Niliviona vimejaa kwenye roshani, matawi yamepangwa kwa nafasi ili anayekula aione mbingu. Nilimkumbuka mjomba, nikacheka peke yangu.

Mwanangu, ukipata uwezo, nenda ukaone mahali hapo, na ukiweza nenda msimu huo wa furaha. Lakini kabla hujaondoka, soma shukrani unazobeba. Usimshukuru Mungu kwa usichonacho ukaacha ulichonacho kikiwa hakina wa kukishukuria. Na wazazi wako waambie ukweli wa unapolala. Wanaweza kuupenda kuliko ulivyodhani.

Wewe unayesoma haya, Bwana akufunike popote ulipo, penye ukuta au penye pazia. Akupe wenzako wa kucheka nao, na akufikishe salama unakokwenda. Amina.