Niliruhusiwa kuzaa normal baada ya CS, nikachelewa hospitali makusudi

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa nikisoma nyuzi za watu hapa kimya kimya. Leo ni yangu, na sitaongeza chumvi.

Mtoto wangu wa kwanza, Akinyi, alitoka kwa CS. Huku Asembo Bay kwa bwana yangu, wamama wa soko hunitania eti mimi ni madam wa kupasuliwa. Nacheka nao. Inaniuma.

Mimba ya pili, daktari Kisumu akaangalia kadi yangu akasema naweza kujaribu normal. Mshono ni wa chini, miaka minne imepita, mtoto amekaa vizuri. Nililia kwa furaha hapo hapo.

Akanipa sharti moja. "Mama Akinyi, uchungu ukianza tu, kuja. Huo mshono lazima tuuchunge, na theatre iwe karibu."

Sasa ujinga wangu. Kwa group yetu ya WhatsApp wamama walikuwa wanasema ukifika mapema madaktari wanachoka kukungoja, wanakukata. Eti ufike kichwa kikiwa mlangoni. Nikawaamini kuliko daktari.

Uchungu ulianza asubuhi nikiosha vikombe vya chai. Mama mkwe akaniona nimeshika ukuta, akauliza kama aite gari. Nikamwambia daktari amesema nisubiri mpaka jioni.

Nilimdanganya yule mama. Aliniamini kwa sababu mimi ndio nimesoma.

Saa tisa hivi kitu kiliachilia ndani ya tumbo. Uchungu ukakatika ghafla. Nilidhani ni nafuu, hata nikatabasamu. Halafu nikaona damu.

Mshono ulikuwa umepasuka. Tulifika Kisumu jua likizama. Kijana wangu alitolewa akiwa ameshakufa. Kizazi nacho wakatoa ndio nipone, kwa hivyo hakuna mwingine.

Wadada, normal baada ya CS inawezekana. Mimi nilikuwa nayo mkononi. Lakini ukiambiwa uende mapema, enda mapema, hata kama mwishowe watakukata.

Sisi Wajaluo mtoto huitwa kwa saa aliyozaliwa. Ningetii, pengine angekuwa Ochieng', wa mchana. Mama mkwe alimzika akimwita Odhiambo, wa jioni, na hajui ni mimi nilichagua hiyo saa.

Nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa. Kama kuna mtu hapa amewahi kukiri kitu kama hiki kwa mama mkwe, aniandikie hapo chini alianzaje.